Kabla Hujapiga Windows, Tazama Taa

Mvua ya kwanza ya msimu ilifika Tabora usiku wa Jumanne, katikati ya Novemba, na ilifika kwa kishindo. Tulikuwa tumeingojea tangu Oktoba, vumbi la Kiloleni limeshaingia hadi ndani ya vikombe. Saa nne usiku upepo ukatangulia, mwembe wa uani ukaanza kuangusha embe mbichi juu ya bati, kisha radi ikapiga karibu kabisa na umeme ukakatika. Nilikaa gizani nikisikiliza maji yakikimbia juu ya paa, na nilifurahi, maana kisima tunachochotea kilikuwa kimebaki tope. Habari ya kompyuta haikunijia hata kidogo.

Asubuhi kumbikumbi walikuwa wametapakaa barazani na umeme ulikuwa umerudi. Binti wa mdogo wangu, anayekaa kwangu akisoma diploma, akaniita kutoka chumba cha nyuma.

"Mamkubwa, mtandao umekata."

Simu yangu ilikuwa kwenye waifai na ujumbe ulikuwa unaingia. Simu yake vilevile. Iliyokwama ni kompyuta ya mezani peke yake, ambayo haina waifai na hupata intaneti kwa waya unaotoka kwenye rauta ya sebuleni, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, unapanda darini na kushukia chumba cha nyuma. Pale chini ya kioo, karibu na saa, kulikuwa na kidunia chenye alama ya kukataza. Kazi yake ya chuo ilitakiwa kupakiwa kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo, na kazi yote ilikuwa humo.

Nilikuwa na vipindi viwili vya asubuhi. Nikampigia fundi mmoja anayezunguka mitaa yetu, nikaenda shule. Niliporudi saa saba nilimkuta ameketi mbele ya mashine, flashi yake ameshaichomeka, anangoja ruhusa yangu tu.

"Madam, hii Windows imekufa. Radi imeivuruga. Tuipige upya, nusu saa tu, elfu kumi na tano."

Nikamwambia achomoe flashi. Nilisema kwa ukali, na kijana mwenyewe ni mpole, hakustahili ukali ule. Ila maneno hayo mawili, kupiga Windows, yaani kufuta programu kuu inayoendesha kompyuta na kuiweka upya, yana historia katika nyumba yangu, na ndiyo yaliyonifanya nikae niandike haya.

Baba yangu alifariki mwaka 2013. Maisha yake yote ya kazi aliyatoa kwa reli, upande wa simu, hapahapa Tabora ambako njia hugawanyika, moja ikielekea Mwanza na nyingine Kigoma. Aliacha picha kumi na saba. Katika moja amesimama juu ya troli na wenzake wawili, kofia imeinamia jicho moja. Katika nyingine amembeba mdogo wangu begani, nyuma yao jengo la stesheni. Tulizipeleka steshenari zikaskaniwa, nikazihifadhi kwenye kompyuta niliyokuwa nayo wakati huo, kwenye folda niliyoiandika BABA, pale kwenye uso wa mbele ambapo niliiona kila nikiwasha. Za karatasi zilibaki kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mchwa wa Tabora kila mwenyeji anawajua. Mwaka haukuisha, sanduku lilikuwa ganda.

Mwaka 2014 intaneti ikakata kwenye kompyuta hiyo. Akaja fundi, si huyu wa sasa, akatazama kioo dakika mbili, akasema Windows imekufa. Hakuniuliza kuna nini ndani. Mimi nami sikujua kwamba ni jambo la kuulizana. Alipomaliza, kioo kilikuwa kipya, kinang'aa, na hakuna kitu juu yake. Intaneti haikurudi. Akaniambia tatizo ni laini, niwaone wenye kampuni, akachukua pesa yake akaondoka.

Siku ya tatu mwalimu mwenzangu alipita nyumbani kuchukua mitihani ya kusahihisha. Nikamweleza. Akainama nyuma ya meza, akashika kichwa cha waya pale kilipoingia kwenye kompyuta, akakisukuma kwa kidole. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kile kikucha cha plastiki kinachokifunga kichwa kisitoke kilikuwa kimevunjika, nasi tulikuwa tumeisogeza meza tukifagia.

Kwa ajili ya kikucha cha plastiki nilipoteza uso wa baba yangu.

Nimejifunza baadaye kwamba hata siku ile huenda hazikuwa zimepotea. Diski kuu ya zamani, ile inayozunguka, ikifutwa haraka huwa haifuti picha zenyewe. Inafuta orodha inayosema picha ziko wapi. Zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama ningezima mashine saa ileile na kuipeleka kwa mtu anayejua kurejesha data, pengine angeokoa chache. Mimi niliitumia miezi miwili zaidi, nikiandika maandalio ya somo juu ya picha za baba bila kujua. Kwa hiyo kama yamekukuta leo, zima, usihifadhi chochote, tafuta mjuzi. Diski za kisasa za SSD, zisizozunguka, hazina huruma hiyo, zenyewe husafisha nafasi iliyofutwa mapema, kwa hiyo huko matumaini ni madogo.

Sasa turudi Jumatano ile. Fundi amechomoa flashi, ananitazama. Nikamwomba akae, tunywe chai, tuulizane kwanza kama Windows imekufa kweli.

Namna ya kuuliza nilimwonyesha palepale, na haikuhitaji kitu ambacho hakikuwamo chumbani. Nilichukua waya wa kuchajia simu, nikaunganisha simu yangu na kompyuta, nikaingia kwenye mipangilio ya simu nikawasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Simu ilikuwa bado kwenye waifai ya nyumbani, na simu nyingi za Android zikiwa hivyo hupitisha waifai hiyohiyo kwenda kwenye kompyuta, bando lako haliguswi. Kompyuta ikaiona simu kana kwamba ni kadi nyingine ya mtandao. Kidunia kikapotea. Binti akafungua tovuti ya chuo chake, ikafunguka, akapakia kazi yake saa nane na robo mchana, muda ukiwa umebaki karibu masaa kumi.

Windows iliyokufa haipakii kazi ya chuo. Fundi alikubali bila ubishi.

Na hapa niseme jambo moja juu ya mafundi wetu, maana sipendi kuwasema vibaya. Kijana huyu si mwongo. Sisi wateja ndio tumemfundisha. Akipiga Windows tunaona kioo kikibadilika, tunaona asilimia zikipanda, tunatoa elfu kumi na tano bila kunung'unika. Akitumia saa nzima akitazama na kutafuta, mwisho akasema "waya ulikuwa umelegea, nimeusukuma", tunamwambia ahsante na nauli ya bodaboda. Anayelipwa kwa kufuta atafuta. Nikampa elfu kumi kwa kule kukaa na kutazama pamoja nami, nikamwambia nitamalizia mwenyewe.

Baba aliwahi kunieleza kazi yake, nikiwa darasa la sita, tukiwa tunabangua karanga. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kando yake zikasimamishwa nguzo za waya wa mawasiliano. Miaka yake yeye, simu kati ya kituo na kituo ilipita kwenye nguzo hizo. Tabora ikipiga Urambo na Urambo isiitike, kuna ubovu mahali fulani, na mahali penyewe ni pori, miombo mitupu, nguzo baada ya nguzo. Niliuliza kama walikuwa wanapanda nguzo zote. Akacheka. Walikwenda kwa troli hadi kati ya njia, maeneo ya Usoke, anapanda nguzo moja, anaangika simu yake ya kazi kwenye waya na kuita pande zote mbili. Tabora wakiitika na Urambo wakanyamaza, nyuma yote ni nzima, hana haja ya kuitazama tena. Anasonga mbele, anaigawa tena ile nusu iliyobaki. Kwa kupanda nguzo chache tu alikuwa amesimama chini ya ubovu wenyewe.

Alhamisi jioni nilifanya hivyo ndani ya nyumba yangu.

Njia yangu ilikuwa fupi: kampuni, faiba (uzi wa kioo unaoleta intaneti) inayoingia ukutani, rauta, waya wa darini, tundu la kompyuta, Windows. Simu kupata waifai kulikuwa kumeshanieleza kwamba njia ya kutoka rauta kwenda nje ni nzima, nisiwapigie kampuni. Simu ya USB ilikuwa imenieleza kwamba Windows ni nzima. Yamebaki matatu katikati: tundu la rauta, waya, tundu la kompyuta.

Nikageuza kompyuta. Penye tundu la waya huwa kuna taa mbili ndogo. Rangi hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, lakini kwa kawaida moja husema kwamba pande mbili zimekutana, na nyingine humeta kila data inapopita. Kama zote ni giza, karibu kila mara tatizo liko chini ya Windows, kwenye waya au tundu, na hakuna programu itakayolitibu. Nasema karibu, kwa sababu mtu anaweza kuwa ameizima adapta, yaani kadi ya mtandao, kwenye mipangilio, na hapo taa nayo yaweza kuzimika. Hilo unaliona haraka: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, na kadi ya mtandao ikiwa imepauka, imezimwa. Yangu haikuwa imezimwa.

Taa yangu ilifanya jambo ambalo sikulitarajia. Iliwaka, ikakaa kama sekunde tatu, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Kwenye kioo maneno yalikuwa yanapokezana, mara inatambua mtandao, mara waya umechomolewa. Nilikaa sakafuni nikaitazama dakika kumi nzima. Mtu akiingia angedhani naomba.

Nikahamisha kichwa cha waya kwenye rauta kutoka tundu la kwanza hadi la tatu. Mambo yaleyale. Basi nikaibeba CPU, lile boksi lenyewe la kompyuta, hadi sebuleni, nikaiunganisha na rauta kwa ule waya mfupi uliokuja ndani ya boksi la rauta. Taa ikawaka ikatulia, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Kwa tendo hilo moja tundu la rauta na tundu la kompyuta vyote vilisafishwa jina, na radi nayo ikasafishwa, maana tundu lililouawa na radi halifufuki kwa waya mwingine. Ubovu ulikuwa darini. Kama ningeanza na hili la kubeba CPU ningemaliza mapema zaidi, lakini ile CPU ni nzito na mgongo wangu nao una umri wake.

Bado swali la taa kuwaka na kuzima lilinikaa. Waya uliokatika huwa giza moja kwa moja. Huu ulikuwa unaongea nusu nusu.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi nane, jozi nne zilizosokotwa: machungwa, kijani, buluu na kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Msokoto una kazi yake, unafanya kelele za umeme kutoka nje zipige nyuzi zote mbili sawasawa na kufutana. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, iliyowekewa viwango mwaka 1995, hutumia jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Kasi ya gigabiti moja, yaani megabiti 1000, ya mwaka 1999, hutumia zote nne. Na vifaa viwili vikikutana husalimiana kwanza, kama watu, na salamu hiyo hupita kwenye jozi mbili zilezile za zamani. Kila upande unataja kasi unayoiweza, wanakubaliana ile kubwa, kisha ndipo wanaanza kazi.

Sasa fikiria jozi ya buluu imekufa. Rauta na kompyuta vinasalimiana vizuri, vinakubaliana gigabiti, vinajaribu kutumia jozi zote nne, vinashindwa, vinaachana, vinaanza kusalimiana upya. Vifaa vingine vina akili ya kushuka vyenyewe hadi 100. Vyangu vilikuwa vinarudia salamu usiku kucha.

Kulikuwa na njia ya kuhakikisha. Kwenye Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, chini ya kadi ya mtandao, katika sehemu ya mipangilio ya ndani, kuna mstari ulioandikwa "Speed & Duplex". Kawaida umewekwa uchague wenyewe. Nikaulazimisha megabiti 100. Taa ikawaka ikatulia, kwa waya uleule mbovu, na intaneti ikaja. Nilipiga kelele, binti akakimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Lakini usiiache hivyo. Unapolazimisha upande mmoja, upande wa pili hukosa salamu, unabahatisha namna ya kuongea, na mara nyingi hubahatisha vibaya, kwamba wataongea kwa zamu ilhali huyu anaongea na kusikiliza kwa pamoja. Kurasa ndogo zinafunguka, video au faili kubwa inakwamakwama. Kwangu mimi kile kilikuwa kipimo tu. Kiliniambia kwamba machungwa na kijani ni wazima, na mgonjwa yuko kwenye buluu au kahawia. Nikarudisha mpangilio kama ulivyokuwa, nikaandika kwenye daftari.

Ijumaa nilikuwa na zamu shuleni, nikarudi magharibi.

Jumamosi nilikwenda mjini nikanunua testa ya nyaya, kile kidude cha sehemu mbili chenye taa zilizoandikwa moja hadi nane, kwa bei isiyofikia kupiga Windows mara mbili. Nikachomeka sehemu moja sebuleni na nyingine chumba cha nyuma. Moja ikawaka pande zote. Mbili. Tatu. Ya nne na ya tano zikabaki giza. Sita, saba, nane zikawaka. Nne na tano ndiyo jozi ya buluu.

Kijana wa jirani akapanda darini na tochi. Tulimsikia akitembea kwa kunyata juu ya mbao, akifuata waya kutoka sebuleni. Juu ya ukumbi akasimama.

"Mama, huku kuna kiungo."

Aliyeufunga waya ule miaka minne iliyopita alikuwa ameishiwa waya katikati. Akachukua kipande kingine, akamenya nyuzi, akazisokota moja moja kwa vidole na kuzifunga solatepu nyeusi. Juu ya kiungo hicho kulikuwa na tundu la msumari kwenye bati, na kila mvua tone lilikuwa linadondokea palepale. Kijana akakikata akakishusha. Solatepu ilikuwa imelegea kama ganda la ndizi bivu. Nyuzi za buluu zilikuwa zimeliwa na kutu nyeupe ya unga hadi zimekatika.

Unga huo mweupe nao ulinifundisha kitu. Shaba ikila kutu hutoa kijani. Nikakwaruza uzi kwa wembe, nikaona rangi ya shaba juu na weupe wa bati ndani. Ulikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba, na nyaya za namna hiyo zimejaa madukani. Ni nyepesi na rahisi, lakini hukatika upesi ukizikunja, na penye kiungo na unyevu hazidumu. Ukienda kununua, omba ncha uikwaruze. Muuza duka akikataa, nenda duka la pili. Mimi nilikwenda la tatu ndipo nikapata wa shaba tupu, mita 25, mmoja mzima usio na kiungo. Njia ya nyumbani kwangu ni mita 22, na waya wa namna hii umewekewa kikomo cha mita 100, kwa hiyo hakukuwa na sababu yoyote duniani ya kuunga.

Koleo la kubania vichwa niliazima kwa mwalimu wa kompyuta. Mpangilio wa nyuzi niliukariri nikiwa nimekishika kichwa, kikucha kikitazama chini na matundu ya kuingizia nyuzi yakinielekea mimi, kutoka kushoto: mweupe wa machungwa, machungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Angalia jinsi kijani kinavyotenganishwa na mwenzake, buluu wamekaa katikati yao. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanapanga jozi kwa jozi kwa sababu macho yanapenda hivyo. Na msokoto usifumuliwe zaidi ya sentimita moja na kidogo, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili lile koleo lilibane, la sivyo nyuzi ndizo zitakazobeba uzito wote. Kichwa changu cha kwanza nilikitupa. Cha pili kilikubali. Testa ikawaka nane kwa nane.

Tukavuta waya mpya, nikachomeka pande zote, taa ikawaka ikatulia. Kidunia chenye alama ya kukataza hakikuondoka.

Hapa nilikaa chini. Ni wakati kama huu mtu huikumbuka flashi ya fundi. Baba angeangika simu yake kwenye nguzo. Mimi nina ping, amri ndogo iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa vyombo vinavyotuma sauti chini ya maji na kusikiliza ikirudi. Unaita, unangoja uitikiwe. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika ping 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujiita yenyewe. Ikaitika. Ping 192.168.1.1, ambayo ni rauta yangu. Kimya. Kumbe wito haufiki hata sebuleni. Kama rauta ingeitika, ningeita 8.8.8.8, mashine za Google zilizo nje, na hiyo nayo ingeitika ndipo ningejaribu kuita kwa jina la tovuti, maana namba ikiitika na jina likakataa, ubovu uko kwa yule anayetafsiri majina kuwa namba, yaani DNS.

Nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ya kompyuta ilikuwa 192.168.0.50.

Rauta yangu iko kwenye nyumba ya 192.168.1, kompyuta imejiandikisha nyumba ya 192.168.0. Mtaa mmoja, nyumba mbili, hazionani. Kama ingekuwa inaanza na 169.254 ningejua kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake ya dharura. Lakini hii ya 0.50 haiji yenyewe. Kuna mkono umeiandika.

Nikamtazama binti. Akamtazama kijana wa jirani. Kijana akashuka ngazi taratibu.

"Jana mama, ulipokuwa shule. Niliona video."

Alitaka kusaidia. Alifuata video ya mtu mwenye rauta nyingine, katika nchi nyingine pengine, akaandika namba zilezile alizoziona. Sikumkaripia, maana ndiye huyohuyo aliyetambaa darini kwenye joto la saa nane kwa ajili yangu. Nikarudisha mpangilio wa kujipatia anwani wenyewe, nikaandika ipconfig /renew, ya kuomba anwani upya. Ikaja 192.168.1.7. Rauta ikaitika. 8.8.8.8 ikaitika. Kidunia kikaondoka.

Tangu siku hiyo kuna daftari limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na kalamu yake. Yeyote anayegusa mpangilio wowote anaandika tarehe, alichokikuta, alichokiweka. Nimeweka sharti hilo kwa ukali wa darasani, na linafuatwa. Picha na maandalio yangu sasa yako pia kwenye diski ya nje ninayoiweka kabatini, mbali na kompyuta, na kila mwisho wa mwezi naisasisha. Tundu la msumari tumeliziba kwa lami. Ngurumo ikianza, binti anachomoa umeme na waya wa mtandao, vyote viwili. Faiba ni kioo, haipitishi umeme wa radi, lakini shaba iliyomo ndani ya nyumba inapitisha, na mvua za hapa huendelea hadi Aprili.

Jumatatu fundi alipita na bodaboda yake kuuliza ilikuwaje. Nikamtolea kile kiungo, nilikuwa nimekihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Akakigeuzageuza, akakipiga picha kwa simu. Nikamwonyesha nyuzi zilizokwaruzwa, nikamwonyesha taa ya nne na ya tano zilivyokuwa giza. Akauliza testa nimeinunua wapi. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anaweza kuiazima hadi Jumatano, kuna nyumba Cheyo wamemwita wakapigiwe Windows.

Aliirudisha Jumanne jioni, imefutwa vumbi.

"Ya tatu haikuwaka, madam," akasema, hata kabla hajakaa.